Besiboli ya Mchana, Besiboli ya Usiku: Mkeka Usomwe kwa Saa ya Marekani

Ligi kubwa za soka za Ulaya zinapomalizika mwezi Mei, maduka ya kubashiri ya Mwembesongo, mjini Morogoro, hayafungi milango. Orodha hujazwa na michezo mingine, mmojawapo ukiwa besiboli ya Marekani. Sababu ni ya kibiashara. Ligi kuu ya huko ina timu 30, na kila timu hucheza mechi 162 kati ya mwishoni mwa Machi na mwanzoni mwa Oktoba. Jumla ni mechi 2,430. Kwa muuzaji wa mikeka, huo ni mzigo usiokatika.

Wanaoufuatilia mchezo huo husema mechi ya mchana si sawa na ya usiku. Hoja hiyo ina msingi. Katika besiboli, odi hubebwa na mtu mmoja kuliko ilivyo katika soka: mrushaji anayeanza mechi, ambaye kwa kawaida hupumzika siku nne au tano kabla ya kurudi uwanjani. Jua likianza kushuka, kivuli cha jukwaa hukaa kati yake na mpigaji. Mpira hutoka kwenye mwanga na kuingia gizani, na mpigaji huupoteza. Hapo mrushaji hufaidika. Adhuhuri ya joto kali humwumiza, kwani hewa ya moto ni nyepesi na mpira uliopigwa huruka mbali zaidi. Aidha, timu iliyocheza usiku na kutakiwa kucheza tena kesho yake mchana mara nyingi humpumzisha mdakaji wake wa kwanza, yule anayemwongoza mrushaji.

Mechi ya kwanza ya usiku katika ligi hiyo ilichezwa Cincinnati mwaka 1935. Uwanja wa Wrigley, Chicago, ulisubiri taa hadi 1988, na hadi leo una mechi nyingi za mchana kuliko viwanja vingi.

Kwa mteja wa Morogoro, tatizo la kwanza ni saa. Mpenzi wa Ligi Kuu ya Tanzania amezoea: saa 10 jioni ni jua, saa 1 usiku pale Chamazi ni taa. Mkeka wa besiboli huonyesha saa za hapa, na katika msimu wote New York iko nyuma yetu kwa saa 7, Chicago 8 na Los Angeles 10. Mechi inayoandikwa saa 2:05 usiku inaanza New York saa 7:05 mchana, jua la utosi. Ya Chicago iliyoandikwa saa 3:20 usiku nayo ni ya mchana. Mechi ya usiku hasa ya New York huangukia saa 8:05 usiku wa manane, na ya Los Angeles saa 11:10 alfajiri, wakati wachuuzi wanaelekea sokoni. Anayechagua "za usiku" kwa kutazama mkeka peke yake anaweza kuwa amenunua mchana mtupu.

Tatizo la pili ni bei, na ndilo kubwa. Besiboli haina sare. Chukua mfano wa mechi ya timu zinazolingana, kila upande ukipewa odi 1.85. Atakayeweka Sh 10,000 kila upande atatoa Sh 20,000 na kurudishiwa Sh 18,500, ashinde yeyote. Sh 1,500 zimebaki dukani. Mchuuzi wa mboga za Mgeta akikatwa kiasi hicho na dalali katika kila Sh 20,000 atahama dalali siku hiyo hiyo. Kwa odi hiyo, mteja anahitaji kupatia mara 55 katika 100 ili aanze kuona faida. Timu za nyumbani kwenye ligi hiyo, pamoja na mashabiki na uwanja wao, hushinda takribani 53 au 54 katika 100. Kivuli na joto ni faida ndogo kuliko hiyo, tena kampuni inayopanga odi inazijua saa za mechi kabla ya mteja.

Lipo pia suala la jina la mrushaji. Anayebashiri jioni mechi ya alfajiri hulala kabla ya kujua kama mrushaji aliyetangazwa ndiye atakayeanza. Akibadilishwa, kampuni nyingine hurudisha fedha, nyingine huacha mkeka uendelee. Masharti hayo husomwa kabla ya kulipa. Malalamiko dhidi ya kampuni yenye leseni hupelekwa Bodi ya Michezo ya Kubahatisha, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2003.

Hesabu ya Sh 1,500 hapo juu haijagusa kodi ya zawadi ya ushindi, ambayo kiwango chake kimebadilishwa zaidi ya mara moja na Sheria za Fedha. Kodi hiyo hukatwa kwa aliyeshinda kabla hajalipwa, hivyo mara 55 hazitoshi tena.