Choo Kikifurika Hadi Ndani ya Nyumba

Mvua za masika, kati ya Machi na Mei, zinapozidi Ndhiwa, udongo mweusi hushiba maji na vyoo vya shimo vilivyo mabondeni hufurika hadi majumbani. Maji hayo hubeba vijidudu vya kipindupindu, homa ya matumbo na kuhara damu.

Wakazi wanashauriwa kuwatoa watoto kwanza, kisha kuvaa gambuti na glavu. Zoa matope na kinyesi, uvifukie mbali na kisima. Osha sakafu na kuta kwa sabuni, ndipo upake klorini.

Mpangilio huu una sababu. Uchafu huimaliza klorini nguvu kabla haijaua vijidudu, hivyo dawa iliyomwagwa juu ya kinyesi hupotea bure. Changanya kikombe 1 cha dawa ya madoa yenye klorini ya asilimia 3.5 na vikombe 6 vya maji, uiache sakafuni dakika 10. Usiichanganye kamwe na dawa nyingine ya choo, kwani hutoa hewa ya sumu.

Sakafu ya udongo ikwanguliwe na kukandikwa upya. Magodoro yaliyolowa yatupwe. Maji ya kisima yaliyofikiwa na mafuriko yachemshwe hadi kisima kitibiwe.

Shimo likijaa, kodisha gari la kunyonya maji taka lenye leseni ya NEMA. Usimwage uchafu Mto Kuja. Walio chini huchota huko.

Anayeharisha majimaji apewe ORS na kupelekwa hospitalini mara moja. Mjulishe pia mhudumu wa afya wa kijiji chako.