Kinasa Sauti na Fedheha ya Ukata: Masimulizi ya Mdororo wa Uchumi Nchini Marekani

Mwanafunzi wa fasihi simulizi aendapo nyanjani hutafuta ngano, mighani, vitendawili na nyimbo. Maisha ya fanani mwenyewe huandikwa pembezoni mwa daftari: umri, kijiji, kazi. Katika historia simulizi mambo hugeuka, na yaliyokuwa pembezoni huwa ndiyo matini. Mfano mzuri ni Hard Times, kitabu alichokitoa Studs Terkel mwaka wa 1970 kuhusu Mdororo Mkuu wa Uchumi ulioikumba Marekani kuanzia 1929.

Takwimu za janga hilo zinafahamika. Soko la hisa la New York liliporomoka Oktoba 1929. Kufikia 1933 takriban robo ya wafanyakazi hawakuwa na ajira, na benki kwa maelfu zilikuwa zimeanguka pamoja na akiba za watu. Hata hivyo, takwimu hazielezi baba alimjibu nini mwanawe aliyemwuliza mbona anashinda nyumbani. Terkel alikulia Chicago, ambako wazazi wake walikuwa wakipangisha vyumba, na baadaye akawa mtangazaji wa redio kwa miaka mingi. Aliwaendea watu wa kila tabaka akiwa na kinasa sauti: wakulima, wachimbaji makaa, matajiri, wanasiasa. Miongoni mwao yumo Cesar Chavez, kiongozi wa wafanyakazi wa mashambani, ambaye jamaa zake walipokonywa shamba lao Arizona wakaishia kuwa vibarua wa kuhamahama California.

Linalojitokeza kwa nguvu katika masimulizi hayo ni fedheha. Mtu aliyeachishwa kazi siku moja na mamia ya wenzake bado aliamini kwamba kasoro ni yake peke yake. Hesabu za serikali haziwezi kuinasa hali hiyo, wala fedheha si jambo ambalo mtu hulitangaza; hulitamka polepole, mbele ya msikilizaji asiye na haraka.

Wapo wasomi watakaopinga kwamba kumbukumbu za miaka thelathini na zaidi si za kuaminika. Terkel mwenyewe alikiri tangu mwanzo kwamba chake ni kitabu cha kumbukumbu. Jibu lenye uzito zaidi lilitoka kwa Mwitalia Alessandro Portelli. Alipowahoji wafanyakazi wa mji wa Terni, wengi walimwambia kwamba mwenzao Luigi Trastulli aliuawa na polisi katika maandamano ya 1953 ya kupinga kufutwa kazi. Kwa kweli aliuawa 1949, katika maandamano dhidi ya mkataba wa NATO. Portelli hakuishia kuwasahihisha. Aliuliza kwa nini jamii nzima ilikisogeza kifo hicho, akaona kwamba kwa kukihamishia kwenye mapambano makubwa zaidi ya wafanyakazi waliweza kukipa maana. Anayesoma visakale hatashangaa.

Tatizo zito zaidi ni uhusiano baina ya anayeuliza na anayejibu. Kati ya 1936 na 1938, wakati wa ukata uo huo, serikali ya Marekani iliwaajiri waandishi waliokosa kazi kukusanya masimulizi ya watu waliowahi kuwa watumwa, na zaidi ya masimulizi 2,000 yakapatikana. Wahoji wengi walikuwa Wazungu, katika majimbo ya Kusini yenye ubaguzi wa kisheria. Baadhi ya wazee walidhani mgeni huyo angewasaidia kupata malipo ya uzeeni. Basi mzee mwenye njaa anaposifu chakula cha enzi za bwana wake, je, anasimulia utumwa au anaisimulia njaa ya 1937? Asiyejua muktadha wa uwasilishaji atapotoshwa na sentensi iliyonukuliwa kwa usahihi kabisa.

Terkel naye hakunukuu tu. Aliyafupisha mahojiano, akayapanga upya na kuyaondoa maswali yake mengi, hivi kwamba msimulizi huonekana kana kwamba anazungumza peke yake. Kusema kwamba hapo mtafiti ni mpitishaji tu wa maneno ya wengine ni kujidanganya. Yeye ni mtunzi mwenza, na vicheko, kusitasita na vimya hupotea mikononi mwake kabla ya kumfikia msomaji. Kwa bahati njema, kanda nyingi za Terkel zimehifadhiwa Chicago, na mwenye subira aweza kuisikiliza sauti huku kitabu kikiwa wazi mbele yake.