Unywele wa Farasi

Jamshid al-Kashi, mwanafalaki wa Samarkand, alipoazimia mwaka 1424 kutafuta uwiano wa mzingo wa duara na nusu kipenyo chake, hakuanza kwa kukokotoa, bali alianza kwa kujiuliza ni usahihi wa kadiri gani utakaomtosha. Akaamua kwamba duara ambalo kipenyo chake ni mara 600,000 ya kile cha dunia lipimwe kwa kosa lisilozidi unene wa unywele mmoja wa farasi. Ni baada ya kuuweka mpaka huo ndipo alipojua kwamba atahitaji umbo lenye pande 805,306,368, na jawabu lake likatoka sahihi hadi tarakimu 16 baada ya nukta.

Laiti kila anayejifunza kuandika programu angeanzia hapo! Aghalabu zoezi lake la awali ni kipeuo cha pili cha 2: huanza na dhana ya 1, kisha kila mara hutwaa wastani wa dhana aliyo nayo na 2 iliyogawanywa kwa dhana hiyo, akapata 1.5, kisha 1.4167, kisha 1.414216, na katika hatua ya nne 1.41421356. Akome wapi? Akisubiri mraba wa jawabu ulingane na 2 sawasawa, huenda asubiri milele, kwa kuwa kompyuta kwa kawaida huhifadhi takriban tarakimu 16 tu.

Basi hujiwekea sharti kwamba mraba ukikaribia namba kwa chini ya 0.001, inatosha, na kwa 2 inatosha kweli. Lakini aipe kompyuta 0.0001, ambayo kipeuo chake ni 0.01, nayo itatua kwenye 0.0323, zaidi ya mara tatu ya haki, ilhali sharti limetimia barabara. Kwenye trilioni 10 nako, namba mbili zinazofuatana ndani ya kompyuta zimeachana kwa karibu 0.002, hata huenda sharti lisitimie abadan.

Kosa, kwa yakini, hupimwa kwa kulinganishwa na kitu chenyewe: sentimita moja si kitu kwa mpima shamba, na kwa fundi saa ni maangamizi. Mwanafunzi na aseme, nitakoma dhana yangu inapobadilika kwa chini ya sehemu moja katika elfu ya dhana yenyewe; na ile 0.0323, kwa hatua tano tu zaidi, itashuka hadi 0.01.