Kuchora Sura Iliyopoteza Jina

Barabara ya Morogoro hupita Kibaha usiku na mchana, na majeruhi wengi wa ajali zake hupelekwa katika Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Pwani, Tumbi. Wamo wasioweza kujitaja: aliyepoteza fahamu, asiye na kitambulisho, au marehemu ambaye uso wake umeharibika. Mtu anapozikwa bila jina, kuna nyumba, huenda ikawa Kisarawe tu, inayoendelea kungoja. Ndugu hawajui kama waweke matanga au wazidi kutafuta, mirathi haigawiki, mke hajui kama ameingia eda.

Katika pengo hilo ndipo anapofanya kazi msanii wa uchunguzi wa kisayansi. Huchora sura ya mshukiwa kwa maelezo ya shahidi. Humchora mtoto aliyepotea kama atakavyoonekana baada ya miaka kadhaa. Huchora uso wa maiti ukiwa umeondolewa majeraha, ili picha iweze kutazamwa na ndugu bila kuwatisha. Na hujenga upya uso juu ya nakala ya fuvu, akipima unene wa nyama katika sehemu mbalimbali za mfupa.

Kijana mwenye kipaji cha kuchora anapaswa kuujua ukweli wa kazi hii kabla ya kuichagua. Kwanza, ajira ni chache. Hata Marekani, wanaoifanya kwa muda wote si wengi; walio wengi ni askari au wasanii wenye kazi nyingine. Pili, kipaji pekee hakitoshi. Lazima msanii ajue anatomia, aweze kumhoji shahidi mwenye hofu bila kumtilia maneno kinywani, na aweze kueleza kazi yake mahakamani. Tatu, kazi huelemea moyo, kwa kuwa kila sura ina msiba nyuma yake.

Nne, na kubwa kuliko zote, mchoro si ushahidi wa utambulisho. Fuvu halionyeshi umbo kamili la midomo, masikio wala ncha ya pua, na vipimo vya nyama vilivyochukuliwa kwa watu wa Ulaya vinaweza kumpotosha anayejenga uso wa Mwafrika. Mchoro huamsha kumbukumbu ya anayeutazama; uthibitisho hutokana na alama za vidole, meno au vinasaba. Moto wa lori la mafuta uliotokea Msamvu, Morogoro, tarehe 10 Agosti 2019, uliua watu zaidi ya 100, wengine wakiungua kiasi cha kutotambulika kwa macho. Huko Shakahola, Kenya, ambako miili zaidi ya 400 ilifukuliwa kuanzia mwaka 2023, vinasaba ndivyo vilivyotumika kuwarudisha marehemu kwa jamaa zao. Msanii asiyeujua mpaka huu anaweza kumzika mtu katika kaburi la ukoo usio wake, au kumtia mbaroni asiye na hatia.

Hata hivyo, njia haijafungwa. Mkoa wa Pwani una Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, na kampasi ya Mloganzila, inayofundisha tiba, iko kati ya Kibaha na Kisarawe. Anayetaka kuanza ajifunze kuchora uso wa mtu halisi, kisha mifupa na misuli yake, huku akijipatia riziki kwa kazi ya karibu, kama vile michoro ya vitabu vya tiba au upigaji picha wa kitabibu. Mafunzo ya juu ya fani hii hutolewa ng'ambo, kwa mfano katika Chuo Kikuu cha Dundee, Uskoti.

Wahudumu wa afya nao wana sehemu yao. Mgonjwa au marehemu asiyejulikana apigwe picha ya uso kutoka mbele na pembeni, penye mwanga wa kutosha na rula kando yake. Makovu, chanjo, tojo, pengo la meno na mavazi yaandikwe. Picha hizo ni siri ya hospitali: zipewe wenye mamlaka, zisisambazwe kwenye simu. Familia nazo zihifadhi picha ya karibuni ya kila mmoja akitabasamu, meno yakionekana. Siku ya kutafuta, picha hiyo yaweza kumpa msanii na daktari pa kuanzia.