Majina ya Kuvu na Sayanobakteria

Mwaka 1753, Carl Linnaeus wa Sweden alipoorodhesha mimea yote aliyoijua, aliweka kuvu na mwani pamoja na kangaga katika tabaka la mwisho, la mimea isiyo na maua ya kuonekana. Leo kuvu ina himaya yake. Haina klorofili, haijitengenezei chakula kwa mwanga, na kwa nasaba iko karibu zaidi na wanyama kuliko mimea. Hata hivyo, kanuni za kimataifa za kuipa majina bado ni zile zile za mimea na mwani.

Jina lina sehemu mbili, jenasi kisha spishi: Saccharomyces cerevisiae ni hamira. Jina hufungwa kwenye sampuli moja iliyohifadhiwa, na ubishi ukizuka, sampuli hiyo ndiyo shahidi.

Kuvu nyingi huzaliana kwa njia mbili, ya kijinsia na isiyo ya kijinsia, zenye maumbo tofauti kabisa, na zamani kila umbo liliruhusiwa jina lake. Aspergillus flavus, inayotia sumukuvu kwenye mahindi na karanga, ilipoonekana ikizaliana kijinsia mwaka 2009, umbo hilo liliitwa Petromyces flavus. Mkutano wa kimataifa wa wataalamu wa mimea uliofanyika Melbourne mwaka 2011 ulifuta utaratibu huo: kuvu moja, jina moja. Likabaki Aspergillus, na ilistahili, kwani ndilo lililozoeleka katika maabara za chakula na hospitalini.

Likeni, muungano wa kuvu na mwani au sayanobakteria, hubeba jina la kuvu yake.

Mgogoro mkubwa uko kwa sayanobakteria wenyewe. Kwa kuwa hutumia mwanga na kutoa oksijeni, wataalamu wa mimea waliwahesabu kuwa mwani. Lakini seli zao hazina kiini, ni bakteria. Mwaka 1978 mtaalamu wa bakteria Roger Stanier na wenzake walipendekeza wahamishiwe kwenye kanuni za bakteria. Kanuni hizo hudai sampuli hai, itunzwe katika nchi mbili tofauti. Za mimea hukubali sampuli iliyokaushwa. Wengi wa sayanobakteria walipewa majina kwa kanuni za mimea.

Sayanobakteria anayelisha heroe wadogo wa maziwa ya Natron na Bogoria naye amebadilishwa jina. Unga wa jamaa zake huuzwa madukani kama spirulina. Wanasayansi walimweka kwanza katika jenasi ya Spirulina, kisha Arthrospira, na mwaka 2019, baada ya kuchunguza vinasaba, ikapendekezwa jenasi mpya, Limnospira. Jenasi ya Spirulina ipo bado, ila ni ya viumbe wengine. Anayetafiti chakula cha heroe hulazimika kupekua majina yote matatu.