Ndege Isiyo na Motere



Wengi walituuliza: ile ndege inayoitwa planeri, isiyo na motere, inarukaje, na kwa nini watu wake wanashika karatasi mkononi mbele ya kuruka?

Kuruka kwake si uchawi. Inavutwa na kamba, ya mashine iliyo chini ao ya ndege yenye motere. Ikifika juu kamba inaachiliwa, nayo inateremka polepole. Ikikuta hewa ya moto inayopanda, inapanda nayo. Hata Kenya, huko Mweiga karibu na Nyeri, watu wameruka hivyo.

Shida inaanzia chini. Mabawa yake yanafika mara nyingi meta 15 toka ncha hadi ncha, ao kupita. Nani ana nyumba ya kuiingiza? Basi wanatoa mabawa na mkia, wanabeba vipande kwa remorki, na siku ya kuruka wanaviunga tena. Ni kusema ndege inaungwa upya mara kwa mara, na watu wenye haraka, na rafiki anakuja kupiga habari katikati ya kazi.

Karatasi inauliza: pini kubwa za mabawa zimeingia na kufungwa? Fimbo za kuongoza mabawa zimeshikana? Na ya mkia? Mmoja anasoma kwa sauti, mwingine anagusa kwa mkono. Mtu akiwakatiza, wanaanza tena toka mwanzo. Siye tunaona hiyo ndiyo kanuni ngumu kuliko zote, sababu kwetu kumnyima mtu salamu ni haya.

Tena, kutazama tu haitoshi. Katika planeri nyingi za zamani fimbo ina kichwa cha mviringo kinachoingia ndani ya kikombe. Kikikaa humo bila kufungwa, unasukuma usukani, kipande cha bawa kinacheza vizuri kabisa, unafurahi. Kinachomoka ukiwa juu! Ndiyo maana mmoja anashika usukani ndani, na mwenzake anakaza kile kipande nje kisicheze. Usukani ukiendelea kwenda, kuna kitu hakikushikana.

Musiseme karatasi ni ya wasiojua kazi. Tarehe 30 Oktoba 1935, huko Ohio, Marekani, ndege mpya ya Boeing yenye motere 4 ilianguka mara tu ilipopanda, kwani kufuli ya usukani wa mkia haikufunguliwa. Ndani mlikuwa na marubani hodari, 2 walikufa. Kisha wenzao wakaandika listi fupi ya kusoma mbele ya kuruka, na hata leo marubani wanasoma listi.

Hapa Kirolirwe planeri hatuna. Chukudu tunayo, nayo haina motere: kwenye mtelemko uzito ndio unaoisukuma. Ukiisha kuiachilia kuelekea Sake na magunia ya viazi, si wakati wa kutafuta freni. Kwa hiyo siye wa darasa la sita tumeandika listi ya chukudu za shule. Freni ya mpira inashika gurudumu la nyuma? Magurudumu hayachezi kwenye ekseli? Usukani unageuka pande zote mbili? Kamba za mizigo zimekazwa? Mmoja asome, mwingine aguse, na salamu zingoje.

Listi imebandikwa kwenye mlango wa depo. Mwenye kuona tumesahau kitu aandike chini yake, nafasi iko.