Kahawa: Kipi Kiende Kwenye Wingu, Kipi Kibaki Stoo

Wafanyabiashara wa kahawa wa Karagwe na Kyerwa wanaoshawishiwa kuhamishia hesabu zao kwenye "wingu" wanayo sababu ya kusikiliza, lakini hawana sababu ya kuhamisha kila kitu. Wingu ni kukodi nafasi katika kompyuta ya mtu mwingine iliyo mbali, ambayo huifikia ila kwa intaneti.

Kabla ya kulipa, mwenye biashara ajiulize hivi juu ya kila kazi: mtandao ukikatika siku ya kupima kahawa, kazi hii itasimama?

Hatari hiyo ipo. Tarehe 12 Mei 2024 kebo za baharini za EASSy na Seacom zilipata hitilafu, na intaneti ikadorora nchini. Tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya Uchaguzi Mkuu, intaneti ilizimwa kwa siku kadhaa.

Kwa hiyo mzani na stakabadhi ya mkulima vibaki stoo. Tangu 2018 kahawa hukusanywa kupitia vyama vya msingi (AMCOS), na katika wilaya hizi mbili chama kikuu ni KDCU. Kilo zinazoandikwa mzanini ndizo msingi wa malipo. Mkulima aliyefika na gunia la maganda juu ya baiskeli hawezi kuambiwa arudi mtandao ukipatikana. Programu ya kupokelea mazao iweze kuandika bila intaneti, kisha ipeleke nakala baadaye. Daftari la karatasi lisitupwe.

Kinachofaa kuhama kwanza ni nakala za leja, mikataba na barua, maana moto au mwizi wa kompyuta moja anaweza kufuta hesabu za msimu mzima. Mwenye stoo Nkwenda na ofisi Kayanga atafaidika pia kuona akiba ya stoo zote bila kusubiri simu. Kazi za mnada hazina ubishi: Soko la Bidhaa Tanzania (TMX) huendesha minada yake kwa intaneti.

Majina, simu na madeni ya wakulima yahitaji tahadhari. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inaweka masharti ya kupeleka taarifa hizo nje ya nchi. Muuzaji wa huduma aulizwe kompyuta zake ziko wapi.

Kuhusu gharama, ada hulipwa kila mwezi, hata kahawa ikiwa imekwisha, na kampuni nyingi za nje hutoza kwa dola. Jumlisha ada ya miezi 12, igawe kwa kilo unazotarajia kununua, kisha linganisha na faida yako ya kila kilo.

Mwenye mtaji mdogo aanze na nakala za leja kwa msimu mmoja. Kabla msimu haujafunguliwa, ajaribu kuzifungua kwenye kompyuta nyingine. Zisipofunguka, fedha hiyo imepotea.